Mtoto wa miezi 10 anamaliza uji mara tatu kwa siku lakini uzito umesimama. Anahitaji nishati kiasi gani?

Baba wa Kihonda

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaomba msaada wa maarifa kuhusu mwanangu wa kiume ambaye ametimiza miezi 10 wiki iliyopita. Alipofikisha miezi sita alikuwa na kilo 7.5, na juzi kliniki amepimwa akakutwa na kilo 7.9. Mstari kwenye kadi yake, ambao hadi mwezi wa sita ulikuwa unapanda bila shaka yoyote, sasa umelala. Anatambaa, anacheka, hana homa, hajaharisha tangu mwezi wa saba, na mama yake humnyonyesha kila anapokuwa nyumbani.

Mke wangu huenda dukani saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Mtoto hubaki na mama yangu mzazi, ambaye humpikia uji wa mahindi na ulezi, akaweka kwenye chupa ya chai, kisha akampa nusu glasi asubuhi, nusu glasi mchana na nusu glasi jioni. Ni uji mwepesi wa kunywa kwa kikombe. Mtoto humaliza wote, tumbo hujaa, hulala. Mama anasema kwamba sisi watoto wake sita tumekua kwa uji huohuo, na siwezi kumbishia kwa kuwa niko hapa nimekua.

Nimejaribu kusoma, lakini nimechanganyikiwa zaidi. Mahali pamoja imeandikwa kwamba mtoto wa umri huu anahitaji karibu kilokalori 700 kwa siku, mahali pengine kilokalori 300, na sioni jinsi ya kuipima namba ya namna hiyo kwenye bakuli la mtoto. Namba ipi ni sahihi? Na kama uji ndio wenye tatizo, nitamwambiaje mama yangu bila kumfanya aone kwamba amemnyima mjukuu wake chakula?

Mstaafu wa Kliniki

Baba, pole kwa wasiwasi, na hongera kwa kuisoma kadi ya mtoto badala ya kuifungia kabatini. Nilikuwa muuguzi wa afya ya mama na mtoto kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa mkoani Iringa, na swali lako ni lilelile nililoulizwa karibu kila wiki.

Kwanza niseme lililo la haraka. Mvulana wa katikati kabisa kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani hutoka takriban kilo 7.9 akiwa na miezi sita hadi takriban kilo 9.2 akiwa na miezi 10, yaani huongeza kilo moja na robo hivi. Wako ameongeza gramu 400. Bado hajashuka chini ya kiwango cha uzito pungufu, lakini mstari uliolala kwa miezi minne haupaswi kusubiri mwezi wa tano. Mrudisheni kliniki wiki hii, apimwe mzunguko wa mkono, apimwe malaria, mkojo uangaliwe, na muulizwe kama kuna mtu nyumbani mwenye kikohozi cha muda mrefu. Chakula kidogo ndicho chanzo ninachokishuku, lakini kushuku si kupima.

Sasa namba. Zote mbili ulizozikuta ni sahihi, ila zinajibu maswali mawili tofauti. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anahitaji kwa siku jumla ya karibu kilokalori 690. Akinyonya kwa kiasi cha kawaida, maziwa ya mama humpa zaidi ya nusu ya hizo, na zinazobaki, karibu 300, ndizo zinazotakiwa kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Kwa miezi 6 hadi 8 chakula hudaiwa karibu 200, na kuanzia mwaka mmoja hadi miwili hudaiwa karibu 550. Mtoto asiyenyonya kabisa hudai zote kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo 300 ni namba ya mtoto ambaye mama yake yupo karibu naye. Wako hukaa saa tisa bila kunyonya, na kama halipi pengo hilo usiku, deni la chakula chake lipo mahali fulani kati ya 300 na 700. Mke wako akiweza kukamua maziwa asubuhi yakaachwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi, atakuwa amelipa sehemu ya deni hilo kwa maziwa bora kuliko yoyote mtakayonunua.

Kinachowachanganya wazazi wengi ni tumbo. Makadirio yanayotumika ni kwamba tumbo la mtoto mdogo hubeba karibu gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Wako, mwenye kilo karibu nane, hawezi kupita gramu 240 hata akibembelezwa vipi, na kwa kawaida mtoto wa umri wake hula nusu ya kikombe cha mililita 250. Wakati huohuo kila kilo ya mwili wake inadai nishati karibu mara mbili ya kilo ya mwili wako wewe. Tumbo dogo, deni kubwa. Ndiyo maana tunasisitiza mambo mawili, idadi ya milo na uzito wa chakula chenyewe: milo mitatu hadi minne kwa siku kuanzia miezi tisa, pamoja na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, na chakula kinachobeba angalau kilokalori 0.8 kwa kila gramu. Uji wa kunywa haufiki huko. Maji hujaza tumbo sawasawa na chakula, na mtoto aliyejaa maji hulala vizuri tu, kwa hiyo usingizi wake usikudanganye.

Ninaomba ufanye jaribio hili. Mama anapopika uji, pima unga anaotumia na pima uji unaotoka. Kila gramu 100 za unga wa nafaka hutoa karibu kilokalori 350 hadi 360. Ukishajua unga ulio ndani ya nusu glasi, utajua mwenyewe mtoto anapata nini. Usimhubirie mama yako. Mpelekee mizani.

Jambo moja zaidi, kuhusu chupa ya chai. Uji wa asubuhi unaokaa vuguvugu hadi jioni huotesha vijidudu, na kuharisha kwa siku tatu tu hula uzito alioupata mtoto kwa wiki kadhaa. Upikwe upya, hata kama ni kidogo kidogo.

Baba wa Kihonda

Shikamoo mama, na ahsante sana. Nimefanya ulivyoelekeza, kwa mizani ya kidijitali tuliyoiazima dukani kwa mke wangu. Mama alipima mwenyewe. Unga ulikuwa gramu 50, na uji uliotoka ulijaza chupa ya nusu lita. Kwa hesabu hiyo nusu glasi, yaani mililita 125, ina unga wa gramu 12 na nusu, sawa na kilokalori 45. Mara tatu kwa siku ni 135.

Nilipoisoma hesabu hiyo kwa sauti, mama alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Alisema kwamba sisi hatukukua kwa uji peke yake. Alikuwa anatusagia karanga, tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na yeye mwenyewe alitubeba mgongoni shambani kutwa nzima, tukanyonya kila tulipolia. Uji anaukumbuka kwa kuwa ndio aliokuwa akiupika. Mengine hakuyahesabu kuwa chakula cha mtoto kwa sababu yalikuwepo tu.

Sasa ninauliza: nikizidisha unga, uji unakuwa mzito na mtoto anautema. Jana nilijaribu, akafunga mdomo kabisa. Nifanyeje?

Mstaafu wa Kliniki

Marahaba, baba. Mpe mama yako heshima zangu, kwa sababu amekujibu vizuri kuliko mimi.

Uji mzito una dawa yake, na dawa hiyo ni ya kwetu. Inaitwa kimea. Mpango wa pamoja wa lishe wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF ulipoanza Iringa mwaka 1983, na watoto wakawa wanapimwa uzito kijijini kwao, tatizo tulilolikuta lilikuwa hilihili la uji mwepesi, na watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikuwa wameshaonyesha kwamba bibi zetu walikuwa na jibu kwenye vyungu vyao vya pombe. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya kinachokata wanga vipandevipande. Ukitia unga wa nafaka iliyochipua kwenye uji mzito, uji unalainika mbele ya macho yako, na nishati yote inabaki mlemle.

Chukua ulezi, uoshe, uloweke usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, uuanike juani ukauke kabisa, uusugue mizizi na machipukizi yatoke, kisha uusage. Ninashauri ulezi badala ya mtama kwa sababu machipukizi ya mtama yana kitu chenye sumu kinachohitaji uangalifu zaidi kukiondoa. Pika uji mzito, uipue, uache upoe kidogo usichemke tena, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Ukishalainika, urudishe motoni uchemke kwa dakika chache ili kuua vijidudu vya kimea chenyewe.

Pikeni nusu lita kwa unga wa gramu 75 badala ya 50. Nusu glasi itakuwa na kilokalori karibu 67. Ongezeni kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula wakati wa kumpa, ambacho kina karibu kilokalori 40, na nusu glasi ileile itabeba zaidi ya 105. Mara tatu ni karibu 320. Tumbo halikuongezeka ukubwa hata kidogo. Na mlisheni kwa kijiko na bakuli, mtu akiwa amekaa mbele yake akimtazama na kuzungumza naye. Kikombe cha kunywea hulazimisha uji kuwa maji.

Nasomea Lishe

Ninamheshimu sana mama mstaafu na ninakubaliana na hesabu yake, lakini ninaomba niongeze tahadhari kabla ya Baba wa Kihonda kuridhika na hizo 320.

Nishati ni deni la kwanza, si deni pekee. Mafuta hubeba kilokalori tisa kwa kila gramu, mara mbili na zaidi ya wanga au protini, ndiyo maana kijiko kimoja hufanya kazi kubwa. Hata hivyo, hayana madini chuma, hayana zinki, hayana protini. Mtoto mwenye tumbo dogo akijaziwa unga na mafuta, au mbaya zaidi unga na sukari, atafikisha kilokalori zake na bado atakosa vitu vinavyojenga damu na ubongo. Madini chuma aliyozaliwa nayo huelekea kwisha akiwa na miezi sita hivi, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana madini chuma kidogo. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, umelisema hili kwa uwazi kuliko miongozo iliyotangulia: mtoto apate kila siku chakula chenye asili ya wanyama pamoja na mboga na matunda, apate kunde na mbegu mara kwa mara, na vyakula vya wanga vipunguzwe. Kwetu sisi tunaoamini kwamba mtoto ni uji, maneno hayo ni magumu, lakini ninaamini ni ya kweli.

Kwa vitendo, ningebadilisha mlo wa mchana. Badala ya uji, mpondee ndizi za kupika au viazi pamoja na maharage yaliyoiva vizuri na kuchujwa maganda, na dagaa waliokaushwa, wakasagwa wakawa unga. Ini la kuku lililopikwa likaiva kabisa na kupondwa, hata mara moja au mbili kwa wiki, lina madini chuma kwa wingi na bei yake haifiki ya nyama ya ng'ombe. Mboga za majani zipikwe kwa mafuta, na hapo kijiko cha mafuta cha mama mstaafu kinapata kazi ya pili kwa kuwa vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Chai asipewe, hata ya maziwa, kwa sababu huzuia madini chuma kufyonzwa. Asali pia isubiri hadi apite mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvishinda.

Neno kuhusu karanga, kwa kuwa bibi amezitaja. Ni chakula kizuri sana kwa mtoto zikisagwa laini, ila zisitiwe kwenye unga wa kuhifadhiwa wiki nyingi pamoja na mahindi, ulezi, mchele, ngano na soya kama inavyouzwa mitaani kwa jina la unga lishe. Karanga iliyosagwa huchacha haraka, na ndani ya unga huoni tena kama ilikuwa na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chagueni karanga moja moja, tupeni zilizosinyaa au kubadilika rangi, mzisage kidogo kidogo, mtie kwenye uji siku hiyohiyo.

Mama Pacha, Kigoma

Ninashukuru kwa mjadala huu. Mimi ni mzazi tu, lakini dagaa tunawajua. Waoshwe mchanga kwanza, wakaushwe au wakaangwe bila mafuta, wasagwe na vichwa vyao, na unga ule uwekwe kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kimoja kwenye chakula kinatosha. Watoto wangu waliukataa siku nne, siku ya tano wakaula, kwa hiyo baba asikate tamaa akitemewa mara ya kwanza.

Swali langu ni la watoto wakubwa kidogo. Pacha wangu, wa kiume na wa kike, wana miaka mitatu na miezi miwili, na wa kiume hula zaidi ya dada yake. Je, ni sawa? Wanapaswa kupata kiasi gani?

Nasomea Lishe

Dada, ni sawa, mradi wote wawili mistari yao inapanda. Kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo, Shirika la Afya Duniani na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji kwa siku kilokalori zipatazo 1,250 akiwa wa kiume na 1,150 akiwa wa kike. Mwaka mmoja nyuma yake makadirio yalikuwa karibu 1,130 na 1,050. Ripoti yao ilitoka mwaka 2004 baada ya vipimo vipya vya nishati ambayo watoto wanaitumia kweli, na kwa watoto wadogo makadirio hayo yalishuka ikilinganishwa na yale ya mwaka 1985. Ninalitaja hili kwa sababu bado mtakutana na majedwali ya zamani yanayowataka wazazi wamshindilie mtoto zaidi ya haja yake. Namba hizi, tena, ni wastani wa watoto wengi. Mmoja wao akila kidogo leo na kufidia kesho, hajavunja kanuni yoyote.

Mstaafu wa Kliniki

Mwanangu unayesomea lishe, umenikosoa vizuri na ninakubali. Zamani tulipigania uji uwe mzito, tukasahau kusema kwa nguvu ileile kwamba uji si mlo wote.

Nimwongezee Mama Pacha: kila mmoja apewe sahani yake. Watoto wawili kwenye sinia moja, mwenye mkono mwepesi hushiba kwanza, na mzazi huona sinia tupu akadhani wote wamekula.

Baba wa Kihonda

Ninarudi baada ya wiki tano, kama deni. Kliniki walimpima mkono wakapata sentimita 12.9, juu ya 12.5 ambayo wangeanza kuihofia. Malaria hakuwa nayo, mkojo ulikuwa safi. Leo asubuhi amepimwa kilo 8.4. Mstari umeinuka.

Mama yangu ndiye anayeendesha kila kitu. Kimea alikitengeneza bila kuniuliza hatua hata moja, akasema alikuwa anakijua tangu utoto wake, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kinafaa kwa mtoto. Mchana anampa ndizi na maharage na unga wa dagaa ambao tuliagiza kwa jirani anayetoka Kigoma. Uji umebaki asubuhi na jioni, wa kijiko, unapikwa kila mara upya. Saa kumi humpa parachichi au papai. Mke wangu anakamua maziwa kabla ya kwenda dukani, si mengi, lakini hajakosa siku.

Nimebakiwa na swali moja. Kimea kilichosagwa kinaweza kukaa muda gani? Mama ametengeneza cha kujaza ndoo nzima.

Mstaafu wa Kliniki

Ndoo nzima ni nyingi mno kwa kijiko kimoja cha chai kwa sufuria. Ambacho hakijasagwa kianikwe tena juani, kihifadhiwe kikiwa punje, kikavu kabisa, mbali na sakafu. Sageni cha wiki mbili tu kwa wakati mmoja. Kilichokwisha kusagwa kigawieni majirani wenye watoto, na mama aende mwenyewe kuwaonyesha namna ya kukitia.